Vipima presha visivyotumia waya kwenye visima vya mafuta: uzoefu wangu

Ninatunza vipimo kwenye visima vya mafuta na gesi, na sasa vingi vina vifaa visivyotumia waya vya WirelessHART, yaani mfumo wa kurusha vipimo kwa redio. Kwa jumla nimeridhika navyo. Lakini ukitaka kuvinunua, anza kwa kuuliza habari za betri.

Kinachokula betri zaidi ni mara ngapi kifaa kinapima na kurusha taarifa. Ukikipangia kitume kila sekunde, betri ya lithiamu itaisha mapema mno. Kikituma kila dakika, inadumu miaka. Kwa presha ya ile nafasi iliyo kati ya mabomba ya kisima, dakika moja inanitosha kabisa, kwa sababu kwa kawaida hupanda polepole. Zamani tulizunguka kusoma geji kwa macho na kuandika daftarini, na presha iliyopanda usiku ilijulikana asubuhi. Siku hizi aliye chumba cha udhibiti anaona mstari ukianza kupinda, naye anatupigia simu mapema.

Kwenye matangi ndiko nilikofurahi zaidi. Kupima kina kwa utepe maana yake ni kupanda ngazi, kufungua kifuniko na kuinama juu ya mvuke. Mafuta yakiwa na haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu kali, pua haikusaidii: mwanzoni unasikia harufu ya yai bovu, gesi ikizidi pua inakufa ganzi, unadhani hewa imesafika. Tangu tufunge vipima kina vya rada, safari za kupanda huko zimepungua sana. Hili kwangu linazidi hata akiba ya nyaya na mitaro.

Mawimbi ya redio yanayobeba taarifa, ya gigahezi 2.4, hayapiti kwenye chuma. Kila kifaa hupokezana taarifa na jirani zake, kwa hiyo hakikisha kila kimoja kina majirani watatu au zaidi. Lori likiegeshwa katikati, taarifa itapita njia nyingine. Antena isimame wima, mbali kidogo na bomba kubwa. Kifaa kilicho peke yake pembeni kitakusumbua hadi ukiongezee kipokezanishi.

Kufunga kisima wakati wa dharura nimeacha kwenye waya. Vali ya usalama haiwezi kungoja taarifa inayokuja kila dakika.