Daftari la shukrani la shilingi 15,000: zuri, ila limesahau safu ya jina

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 15,000, duka la vitabu vya dini hapa Morogoro mjini, na hawapunguzi hata ukilia. Kwa biashara yangu hizo ni sahani sita za wali maharage. Kwa hela hiyo hiyo unapata kaunta buku nene, kalamu kadhaa, na nauli ya bodaboda ya kurudia nyumbani. Kwa hiyo swali langu tangu siku ya kwanza lilikuwa moja: lina nini hili ambacho kaunta buku haina?

Mimi ni mama lishe, jiko langu liko karibu na stendi ya Msamvu. Ni Mkatoliki, mwanajumuiya wa kawaida, si katekista wala mtawa. Nilianza kuliandika Majilio na sasa Kwaresima inaelekea mwisho, kwa hiyo siwaletei habari za kulipapasa dukani.

Kwa nje linavutia. Jalada gumu la zambarau, maandishi ya dhahabu, utepe wa kuwekea alama. Ukurasa mmoja kwa siku moja: juu tarehe, chini yake mstari wa Biblia, kisha maneno "Leo namshukuru Mungu kwa", na mistari mitatu. Chini kabisa kuna emoji tano, kuanzia anayecheka mpaka anayelia, uweke tiki jinsi unavyojisikia. Hizo emoji nitazirudia, maana nina ugomvi nazo.

Siku za mwanzo niliandika kama tunavyotoa shukrani kwenye jumuiya: uzima, afya, pumzi, familia, ulinzi wa usiku. Si uongo hayo. Ila ukiyaandika Jumatatu, ukayaandika Jumanne, ukayaandika tena Jumatano, mkono wenyewe unaona haya. Na hapo ndipo mistari mitatu inapoanza kufanya kazi. Wa kwanza utaujaza kwa mazoea. Wa pili utajikongoja. Wa tatu unakulazimisha uirudie siku yako yote tangu ulipowasha jiko, ukitafuta kitu. Huo ndio ufundi wa daftari hili, na kusema haki ni ufundi mkubwa. Angeweka mistari kumi ningeliacha wiki ya kwanza. Angeweka mmoja ningeandika "uzima" mpaka Pasaka.

Niwasomee baadhi ya niliyoandika. "Mvua imesubiri wateja wa mchana wamalize kula." "Dereva wa basi la Iringa kalipa deni lake bila kukumbushwa." "Maharage ya leo hayakunisumbua, yameiva na mkaa kidogo." "Mzee wa kahawa kanichekesha mpaka nimemwaga chumvi." Ukiyasoma wewe hayana maana. Mimi nikiyasoma naiona siku yenyewe.

Sasa kuna hili la benchi. Benchi langu la upande wa ukuta lina mguu mfupi, na kila mtu pale anajua. Lakini wateja walikuwa wanakaa, wanakunywa chai, hawayumbi, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini. Jioni moja natafuta mstari wa tatu, nikakumbuka kitu nilichokiona asubuhi kwa pembe ya jicho: binti anayenisaidia kuosha vyombo amechuchumaa chini ya lile benchi na kipande cha kigae. Anakisukuma chini ya mguu, anakaa, anajitikisa kupima, anainuka, anakisukuma tena kidogo. Mabenchi tunayatoa ndani kila alfajiri, na kumbe kila alfajiri hufanya hivyo kabla mteja wa kwanza hajafika. Sijawahi kumtuma. Nikaandika: "Kigae cha benchi."

Nililifunga daftari, halafu nikaona kuna kitu hakijakaa sawa. Nimemshukuru Mungu kwa kigae, aliyekiweka nimemwacha anaenda kulala bila kujua kama kuna mtu kaona. Kesho yake nikamwambia, "Mwanangu, asante kwa lile benchi." Akanishangaa. "Mama, mbona ni siku zote hizo?" Akacheka, akarudi kwenye sufuria zake.

Hapo ndipo nilipoliona kosa la daftari hili. Pale jikoni ninalo daftari jingine, la madeni, limelowa mafuta na limefungwa kwa mpira. Lina safu tatu: jina, alichokula, kiasi. Huwezi kukuta deni lisilo na jina, utamdai nani? Hili la 15,000 limeniuliza nimepokea nini, halijaniuliza nimepokea kupitia kwa nani. Wachapishaji wangechungulia daftari la madeni la mama lishe yeyote wangejua kilichopungua. Siku hizi mimi mwenyewe nimepiga mstari kwa rula pembeni mwa kila ukurasa, na juu yake nimeandika JINA. Ukurasa ukibaki na jina ambalo mwenyewe sijamfikia, naweka nukta. Nukta zipo nyingi, nyingine za watu walio mbali, na mbili tatu ni za marehemu, hao nawaombea tu kwenye Misa.

Mtaniambia shukrani ni ya Mungu, tusimpe mwanadamu utukufu. Nimeshaambiwa hivyo kwenye jumuiya, tena kwa sauti. Lakini someni Warumi 16. Mtume Paulo, baada ya mafundisho mazito ya sura zote zile, anakaa chini na kuorodhesha majina: Fibi, Priska na Akila waliokuwa tayari kuuawa kwa ajili yake, Mariamu aliyejitaabisha kwa ajili yao, na wengine weee. Priska na Akila anawashukuru waziwazi, yeye pamoja na makanisa. Kwa Wafilipi anaanza kwa kusema anamshukuru Mungu wake kila awakumbukapo, na mwisho wa barua anataja hata aliyeleta vitu vyao, Epafrodito. Anamshukuru Mungu, na wahusika anawaandikia wajue. Na yule mkoma Msamaria wa Luka 17 hakubaki njiani anashukuru moyoni. Aligeuka, akarudi kwa miguu yake, huku akipaza sauti. Ndipo Bwana akauliza, "Wale kenda wa wapi?" Mimi nadhani wale kenda nao walifurahi sana. Walifurahia nyumbani kwao.

Turudi kwa zile emoji. Mwanangu aliye chuo, nilipomwonyesha, aliniambia mambo haya yamefanyiwa utafiti Marekani. Maprofesa wawili, Emmons na McCullough, walichapisha mwaka 2003: watu waliambiwa waandike mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, na wengine waandike kero zao. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi. Sikatai, na mimi nalala vizuri zaidi. Lakini daftari linapokuuliza kila usiku "unajisikiaje?", taratibu unaanza kushukuru ili ujisikie. Ukishukuru halafu ukabaki na huzuni yako, unaona umefeli mtihani. Emoji hizo nimeacha kuzijaza. Sala ya jioni tuliyokaririshwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza haina swali hilo. Unamshukuru Mungu kwa mapaji ya leo, halafu moja kwa moja unayawaza makosa yako ya leo, kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Miaka yote nilidhani ni mpangilio tu wa mtu aliyeandika.

Padre wetu ndiye alinifungua kwenye mafungo ya Kwaresima. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi yake ya Kiroho yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, uchunguzi wa dhamiri ameupanga hatua tano, na ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa fadhili ulizopokea. Kisha unaomba neema ya kuzijua dhambi zako, unaipitia siku, unaomba msamaha, unakusudia kujirekebisha. Shukrani iko mlangoni. Padre alisema mtu akianza na makosa huishia kujitazama mwenyewe, ama ajilaumu ama ajitetee. Akianza na aliyopokea, makosa yanaonekana yalivyo: kumkosea aliyekupa. Daftari limechukua hatua ya kwanza likaishia hapo. Kwa vile ukurasa wa nyuma uko wazi, mimi hugeuza na kuandika huko neno moja au mawili ya yale mengine. Siku ya kigae niliandika nyuma: "Nilimfokea juzi kwa sahani moja."

Mistari ya Biblia imechaguliwa vizuri nusu ya kwanza, kisha imeanza kujirudia kama redio. Zaburi 103, "wala usizisahau fadhili zake zote", nimekutana nayo mara kibao, na sijachoka nayo. Zaburi 136 wameikata wakaacha aya moja. Zaburi ile raha yake ni kurudia, aya 26 na kila moja inamalizia kwa fadhili zake ni za milele. Ukiikata umeiua. Na "Shukuruni kwa kila jambo" wameiweka peke yake na picha ya kikombe cha kahawa na ua. Paulo aliwaandikia watu waliokuwa wanateswa. Ua lile lina kazi gani pale?

Na kitu kingine ambacho hakipo kabisa ni kilio. Mwenzetu mmoja wa jumuiya alifiwa na mwanawe mwaka huu. Nilikuwa nimeshanunua daftari la pili nimpelekee, nikaghairi. Nikajiuliza usiku huo atajaza nini kwenye mistari mitatu, na ataweka tiki wapi. Biblia ina Zaburi 88 ambayo inaanza na kulia na inaishia gizani. Ina Habakuki anayetazama mtini usiochanua na zizi lisilo na ng'ombe, ndipo anasema atamfurahia Bwana, na kabla ya hapo ameshamlalamikia Mungu mara mbili. Vyote hivyo havimo. Aliyepanga daftari ni kama hajawahi kukaa kwenye mkeka msibani.

Kwenye Misa ya mazishi ya mtoto yule padre alifika pale, "Tumshukuru Bwana Mungu wetu," nasi tukaitikia, "Ni vema na haki." Mama wa mtoto hakuitikia. Nilikuwa benchi la nyuma yake, niliona mabega. Tuliitikia sisi, yeye akakaa katikati ya sauti zetu, na hakuna aliyemgeukia kumwambia ashukuru. Bwana mwenyewe alitwaa mkate akashukuru usiku ule ule aliotolewa, kwa hiyo najua shukrani inaweza kusimama mahali kama pale. Lakini kanisani ilisimama kwa sababu tulikuwa wengi. Daftari linakuweka peke yako na kalamu. Kwa huyo mama nilipeleka unga, sukari na sabuni, nikaosha vyombo.

Lile daftari la pili nimempa binti wa benchi. Anaandika kwa siri, sijui anaandika nini, na siulizi.

Ubora wa kazi sasa, haraka haraka. Karatasi ni nyepesi, kalamu ya wino wa maji inapenya upande wa pili, tumia ya kawaida. Gundi ya mgongoni ni hafifu, kurasa za katikati zimeanza kuchomoka na mimi si mtu wa kulitupa tupa. Dhahabu ya jalada imefutika kwa mikono yenye mafuta, hilo silihesabu. Utepe ni mzuri, mrefu, haujachanika. Jina la mchapishaji halipo popote, mbele wala nyuma, kwa hiyo hata pa kulalamikia gundi hakuna. Mwenye duka aliniambia yeye anauza tu.

Nyota tatu kati ya tano. Ya kwanza ni ya mistari mitatu, ya pili ni ya mistari mitatu tena, na ya tatu ni ya ukurasa wa nyuma kuachwa wazi. Ukiwa na mazoea ya kusali jioni na unajua sala zako, nunua kaunta buku, piga safu zako mwenyewe kwa rula, chenji weka kwenye bahasha ya sadaka. Kama ni zawadi ya kijana wa Kipaimara ambaye hataandika bila kitu cha kupendeza mkononi, nunua hili, ila kabla hujalipa mwombe muuzaji akuruhusu ulifungue katikati kabisa, ulivute kidogo. Nakala zingine za pale dukani zilikuwa zimeshonwa kwa uzi, bei ile ile.