Kuhubiri Injili: kipaza sauti au mazungumzo ya kawaida?

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, mhubiri mwenye kipaza sauti husikika na wengi kwa mara moja: wachuuzi, makuli, wapita njia. Petro naye alihubiri hadharani siku ya Pentekoste, wakaongezeka watu wapatao 3,000. Ila kipaza sauti hakisikilizi. Mama muuza dagaa ambaye mtoto wake anaumwa hawezi kukiuliza kitu.

Ukimshikia gunia akijaza dagaa, ukamuuliza, "Mama, mtoto anaendeleaje?", atakueleza. Hapo mshirikishe Yesu alivyokuvusha, na umwombee akiridhia. Yesu mwenyewe alianza na mwanamke Msamaria kwa kuomba maji ya kunywa. Inachukua muda, na anayekataa aheshimiwe. Mimi nachagua njia hii, hasa kwa jirani Mwislamu mnayejuliana hali kila asubuhi.