Huduma ya kuhamisha popo darini Mwanza: kazi safi paani, kisanduku kibovu ukutani

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kikundi cha mafundi vijana wa Mwanza wanaohamisha popo kutoka kwenye dari za nyumba bila kuwaua. Baada ya kuwahamisha huziba paa, husafisha kinyesi na, kwa malipo ya ziada, hutundika nje kisanduku cha mbao ambamo popo wanatarajiwa kuhamia. Kikundi sitakitaja jina, kwa kuwa bado ni kichanga na mengi ninayoyalalamikia yanarekebishika. Nyumba yetu ipo Pasiansi, ina vyumba vinne, paa la mabati na dari ya jipsamu ambayo ilikuwa imeanza kuota madoa ya kahawia. Kazi ya paa ilitugharimu shilingi 350,000, usafi wa dari ukahesabiwa peke yake, na kisanduku kikauzwa shilingi 45,000.

Anayeishi jiji la miamba hana sababu ya kushangaa kukuta popo juu ya kitanda chake. Popo wanaokula wadudu, hasa wale ambao mkia wao umechomoza nje ya utando wa miguu, wamezoea kulala kwenye nyufa za mawe, na upenyo ulio kati ya bati na ukuta kwao ni ufa mwingine, tena wenye joto la uhakika. Chakula nacho hakipo mbali. Vidudu vya ziwani vinavyoibuka majini kwa mawingu, hasa karibu na mwezi mwandamo, huvutwa na taa za mitaani hadi mlangoni pa mtu. Popo mmoja anaweza kula kwa usiku wadudu wanaofikia nusu ya uzito wake, kwa hiyo yeyote anayefikiria kuwamaliza kwa sumu ajue kwamba anawafuga wadudu hao bila kujua.

Nilichokipenda kwanza ni kwamba fundi mkuu hakupanda paani siku aliyoitwa. Alizunguka nyumba mchana akitafuta matundu, akatuonyesha kwenye fisha bodi, yaani ubao wa ukingo wa paa, alama nyeusi yenye mafuta iliyoachwa na miili inayopita pale pale kila siku, kisha akaokota kinyesi kwa mkono wenye glavu na kukisugua. Kilivunjika kikawa unga wenye chembe zinazometa za mabawa ya wadudu. Cha panya kingekuwa kigumu na kisingemeta. Karibu saa moja jioni alikaa uani na vijana wake wawili, kila mmoja akikabili upande wake wa nyumba, wakahesabu popo wanaotoka na kuandika wanatokea tundu lipi. Sijawahi kuona fundi wa Mwanza akikaa kimya kwa muda huo wote bila kushika simu.

Hapo ndipo alipotuambia kuwa kazi haitafanyika mwezi ule. Zilikuwa mvua za vuli, na mama alitaka yaishe kabla ya Krismasi. “Mama, tukiziba sasa watoto wao watabaki humu ndani wafe, na harufu yake hamtaiweza,” alisema. Maelezo yake yalikuwa sahihi. Popo hawa huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, lakini huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na uzazi wao hufuata mvua kwa sababu ndipo wadudu wanapokuwa tele. Mtoto huzaliwa bila manyoya, hawezi kuruka wala kulimudu joto la mwili wake, na mama zao hukusanyika sehemu yenye joto la paa ili watoto wakue upesi. Tulipangiwa Julai, kiangazi kikiwa kimekolea. Nimewahi kuajiri watu wa huduma ya namna hii ambao wangechukua fedha siku ile ile, kwa hiyo subira hii naihesabu kuwa sehemu ya ubora wa kazi.

Ili kuielewa kazi yenyewe, na pia kosa la kisanduku nitakalolieleza, ni lazima kujua popo anaishije na joto. Binadamu huilinda nyuzijoto 37 usiku na mchana: joto likizidi, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hutanuka na jasho hutoka, baridi ikizidi, mishipa hubana na misuli hutetemeka. Popo wa gramu 10 hadi 30 hawezi kuugharamia utaratibu huo saa zote. Kadiri mwili unavyokuwa mdogo ndivyo eneo la ngozi linavyokuwa kubwa likilinganishwa na uzito, na joto hukimbia upesi. Juu ya hayo, popo amebeba mabawa, utando usio na manyoya uliojaa mishipa ya damu. Anaporuka, moyo wa popo mdogo unaweza kukaribia mapigo 1,000 kwa dakika, misuli huzalisha joto jingi, na mabawa yale yale husaidia kulitoa. Anapotulia, huyakunja ili asipoteze alichonacho. Baridi ikizidi au chakula kikikosekana, popo wengi wadogo huacha kabisa kulilinda joto lao: mwili hupoa ukakaribia joto la mahali walipo, mapigo ya moyo na pumzi hushuka, na akiba ya mafuta hudumu.

Kwenye joto kali mambo huenda kinyume, na huku ndiko kunakohusu paa la bati moja kwa moja. Popo aitwaye Mops condylurus, aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, amechunguzwa Afrika Kusini akiishi ndani ya mapaa yanayovuka nyuzijoto 40 mara kwa mara. Badala ya kushindana na joto hilo tangu mwanzo, huuachia mwili wake upande nalo hadi viwango ambavyo kwa mtu tungeviita homa kali. Faida yake ni maji. Popo hana jasho la kutegemea, na njia alizonazo za kujipoza, yaani kuhema na kulamba manyoya ili mate yakauke juu yake, humaliza maji ambayo hatayapata tena hadi jioni. Hata hivyo uvumilivu huo una kikomo, na ndiyo maana popo wa paani hawakai mahali pamoja. Nilitundika vipimajoto viwili darini kabla ya kazi kuanza: mchana wa jua, kilicho chini ya kofia ya paa, bati linalofunika kilele, kilivuka nyuzi 45, na kilicho juu ya ukuta kwenye kivuli cha fisha bodi kilibaki karibu na 30. Kati ya ncha hizo mbili kuna joto la kila kiwango, na popo husogea kwa miguu na vidole gumba kutwa nzima akifuata linalomfaa.

Kazi ya Julai ilifanywa vizuri. Matundu yote yalizibwa isipokuwa yale makuu ya kutokea, na hayo yakafungiwa neti laini iliyoning'inia mithili ya mkono wa shati, wazi upande wa chini. Popo hutoka kwa kuteleza ndani yake, lakini akirudi hutua pale pale kwenye tundu alilolizoea na kukuta neti. Neti ziliachwa kwa wiki nzima, na hilo lilikuwa na sababu, kwa kuwa usiku wa baridi au mvua baadhi ya popo hubaki ndani wamepoa na kuzubaa. Fundi anayeziba kesho yake asubuhi huwafungia humo. Kasoro niliyoiona ni moja: pembe ya kofia ya paa waliijaza povu peke yake, na povu hilo linabanduka bati linapotanuka mchana na kusinyaa usiku. Palihitaji kipande cha bati na misumari. Waliitwa wakarudi bila kinyongo, lakini haikupasa kuitwa.

Usafi ulifuata kanuni: walivaa barakoa na glavu, wakalowanisha kinyesi kwa maji kabla ya kukizoa ili vumbi lisipande, kwa sababu ndani ya kinyesi cha popo kunaweza kuota kuvu wa Histoplasma anayeshambulia mapafu. Majirani waliuliza zaidi kuhusu ugonjwa wa virusi vya Marburg, na si ajabu kwa ukanda huu wa ziwa baada ya mlipuko uliotangazwa Kagera Machi 2023 na ule wa Biharamulo wa Januari 2025. Popo anayehusishwa na virusi hivyo ni Rousettus aegyptiacus, mla matunda anayelala mapangoni na kwenye machimbo, si hawa wadogo wa kwenye mabati. Mafundi walilieleza hilo kwa ufasaha bila kumruhusu mtu yeyote kushika popo kwa mikono mitupu, kwani popo wa Afrika wamewahi kukutwa na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali.

Sasa kisanduku. Ni cha mbao nzuri, kimepigwa randa vizuri, na kwa popo wa Mwanza hakifai. Kina chumba kimoja chembamba, kimepakwa rangi nyeusi, na kilitundikwa ukuta wa magharibi, juu kidogo ya kizingiti cha mlango. Rangi nyeusi ni ushauri wa nchi za baridi, ambako jua la kiangazi ni dhaifu na popo jike anahitaji kila chembe ya joto kwa ajili ya mtoto. Hapa mchana kipimajoto ndani ya kisanduku kilifika pale pale kilipofika chini ya kofia ya paa, tofauti ikiwa kwamba juu na chini ya kisanduku palilingana. Paani popo angesogea kuelekea ukutani. Humu hana pa kusogea. Joto la namna hiyo si la kufanyiwa mzaha hata kwa popo wakubwa: tarehe 4 Januari 2014, kusini mashariki mwa Queensland nchini Australia, popo wasiopungua 45,500 walikufa kwa siku moja ya joto lililovuka nyuzi 42. Kimo nacho ni tatizo, kwa sababu popo hawa wenye mabawa marefu membamba hujiachia wadondoke kwanza ndipo waruke, na kutoka pale mlangoni wangedondokea sakafuni. Kisanduku kirefu chenye vyumba viwili au vitatu, tundu la hewa theluthi ya chini, rangi nyeupe, kikielekezwa mashariki na kuinuliwa mita 4 au zaidi, kingekuwa na maana. Tulichouziwa hakijaingiwa na popo yeyote, na ninawapongeza popo kwa hilo.

Walitaka pia kutuuzia kifaa cha umeme kinachodaiwa kufukuza popo kwa sauti isiyosikika kwa binadamu. Tulikataa, popo mwenyewe anaishi kwa sauti za namna hiyo, na vifaa hivyo havina sifa ya kufanya kazi.

Kwa kazi ya paa na usafi, bei ni ya haki na ningewaita tena. Anayewahitaji aagize mapema ili apate nafasi kati ya Juni na Agosti, asisitize bati kwenye kofia badala ya povu, na aombe kisanduku kiondolewe kwenye hesabu. Dhamana yao ya maandishi ni ya miezi 6, nayo inahusu matundu waliyoziba wao tu. Bati likichanika au fundi mwingine akifungua fisha bodi, dhamana hiyo haipo tena.