Shule nzuri inayopungukiwa na watoto
Mwanangu anasoma katika shule ya msingi ya serikali katikati ya London, na walimu wake nawasifu kwa dhati, kwani wanamfahamu kila mtoto kwa jina na tabia. Hata hivyo, kwa kuwa shule za Uingereza hupewa fedha kwa kufuata idadi ya wanafunzi wanaohesabiwa kila Oktoba, darasa lake la watoto 19, ilhali sheria inaruhusu hadi 30 kwa umri wao, linahitaji mwalimu yuleyule mmoja huku likipewa fedha pungufu. Msaidizi wa darasa ameshaondolewa. Ukutani, misumari 11 ya kutundikia makoti haina majina, nami huumia kila niionapo. Uzazi umepungua na kodi za nyumba zimezihamisha familia nyingi. Shule haina kosa. Wazazi wa jirani, tumeni maombi ya nafasi za shule kabla ya tarehe 15 Januari.