Ricoh GR III au Sony RX100 VII: ipi iende mfukoni?

Kamera yangu kubwa ni ya harusi na kipaimara. Ukiingia nayo Soko la Mbuyuni hapa Moshi, kila mtu anajiweka sawa, au anauliza picha ni za nini. Nataka ndogo ya kuisaidia.

Zote mbili zilitoka 2019. Ricoh ina gramu 257 pamoja na betri. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kubwa, ya kipimo cha APS-C kama ya kamera nyingi za kubadilisha lenzi, kwa hiyo hata jioni ndani ya daladala picha haijai chengachenga. Ila lenzi ni moja tu, sawa na milimita 28, yaani inaona eneo pana na haivuti kitu karibu. Mama muuza ndizi unamsogelea, unamsalimia, mnaongea kidogo, ndipo unapiga. Mimi napenda hivyo.

Sony inavuta kuanzia milimita 24, pana, hadi 200, mbali. Asubuhi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikijifunua kabla mawingu hayajarudi, unaileta karibu ukiwa barazani na kikombe chako cha kahawa. Ina pia kijitundu cha kuchungulia kinachochomoza juu, na kwa jua letu la mchana utakishukuru, Ricoh haina. Lakini sensa yake ya inchi 1, ndogo kuliko ya Ricoh, inachoka mapema gizani.

Vumbi? Hakuna iliyozibwa. Kiangazi, kimfuko chenye zipu.

Kwa kuwa kubwa yangu tayari ina lenzi ndefu, nimeiegemea Ricoh. Betri yake hupiga takriban picha 200 tu, basi ya pili nimeshaihesabu kwenye bei.