Uzoefu wangu: mashine ya kunyonya unyevu ya lita 12, na vioo vinavyotoka jasho

Tuanze na namba iliyo kwenye boksi, maana ndiyo inayowagombanisha wanunuzi na wauzaji. "Lita 12 kwa siku" imepimwa kwenye hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, yaani Mombasa mwezi wa Aprili. Chumba cha kulala hapa Leeds, England, mwezi wa Januari kina nyuzi 16 au 17 na unyevu wa asilimia 70, na hapo mashine hiihii hunipa lita 2 hadi 3 kwa saa 24. Ndivyo inavyotakiwa. Anayetarajia ndoo nzima asubuhi atairudisha dukani bure.

Niliyonayo ni ya kompresa, kazi yake kama friji. Feni inavuta hewa, hewa inapita kwenye koili baridi, mvuke unakuwa maji na kudondokea kwenye tangi la lita 2, kisha hewa inatokea upande wa pili ikiwa kavu na vuguvugu kidogo. Inakula wati 180 hivi. Ikiwaka kwa muda wa saa 8 usiku ni uniti 1.44, kwa peni 27 kwa uniti, hiyo ni kama peni 39.

Chumba kikishuka chini ya nyuzi 12 hivi, koili huganda. Chomoa chujio la nyuma, mulika na tochi, utaona utando mweupe unaanzia kwenye mkunjo wa bomba na kutambaa hadi mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya koili, yanazibana. Hapo kompresa inajizima, feni inabaki peke yake mpaka barafu iyeyuke, kisha mzunguko unaanza upya. Wengi hulalamika kwamba mashine "inapuliza tu". Tatizo ni baridi ya chumba. Kwa gereji au stoo isiyo na hita chukua aina ya ziolaiti, yaani inayonyonya mvuke kwa madini makavu badala ya koili baridi: hiyo haigandi na inapasha chumba moto, ila inakula wati 300 hadi 600 na utaliona hilo kwenye bili.

Sasa vioo vyenyewe. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 inaanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 12. Ikiwa na asilimia 50, nyuzi 9. Nje kukiwa sifuri, upande wa ndani wa kioo cha tabaka moja unakuwa na nyuzi 5 hivi, na wa kioo cha zamani cha tabaka mbili nyuzi 12 au 13. Piga hesabu hapo. Kwenye tabaka mbili, mashine nikiiweka kwenye unyevu wa asilimia 55 kioo kinaamka kikavu, isipokuwa ukanda wa upana wa kidole kule chini, pale kipande cha alumini kinachotenganisha vioo kinapopitisha baridi. Kwenye tabaka moja jasho linapungua lakini haliishi, na usiku wa barafu bado utapangusa. Pangusa kuanzia juu kwenda chini, ukamulie kitambaa kwenye sinki. Ukikianika kwenye redieta umeyarudisha maji yaleyale hewani.

Mashine hii inarudisha pesa yake kwenye kukausha nguo. Mzigo mmoja wa mashine ya kufulia unabaki na lita 2 hivi za maji hata baada ya kuzungushwa, na zote zinaishia kwenye vioo na kona za ukuta. Chagua chumba kidogo, funga mlango na dirisha, weka mashine kama nusu mita kutoka kwenye nguo, nyuma iache sentimita 20 hadi 30 kutoka ukutani. Nguo za kawaida hukauka ndani ya saa 8 hadi 10, jinzi husubiri zaidi. Angalizo: kwenye mashine nyingi kitufe chenye alama ya nguo hakijali kiwango ulichoweka, kinaendesha mfululizo hadi tangi lijae. Sikitumii.

Kitambuzi cha ndani ya mashine nakiamini nusunusu. Nunua kipima unyevu cha pauni 5 hadi 10, kiweke mbali na mashine, karibu na dirisha. Kwanza kijaribu: kijiko cha chumvi kwenye kifuniko cha chupa, matone machache ya maji iwe rojo nzito, kisha kifuniko hicho na kipima unyevu ndani ya mfuko wa zipu kwa saa 12. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 70, basi kila siku ongeza 5.

Dirisha bado lina kazi yake. Hewa ya nje ya nyuzi 5, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 90, ikiingia ndani na kupata nyuzi 20 inabaki na asilimia 34 hivi. Kwa hiyo zima mashine, fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika 10 asubuhi, funga, washa. Vile vikopo vya chembe za kloridi ya kalsiamu vinafaa ndani ya kabati tu. Vinakusanya kikombe kimoja au viwili kwa wiki kadhaa.

Usiinunue kama doa linapanda kutoka sakafuni hadi kama mita moja na lina mstari wa chumvi juu yake, au kama linakua kila mvua ikinyesha. Hayo ni maji ya ardhini au ya bomba la paa, na mashine itanyonya milele bila kumaliza. Mpangaji wa nyumba ya halmashauri au shirika la nyumba huko England asikubali kuambiwa tu afungue madirisha: tangu Oktoba 2025, chini ya Sheria ya Awaab, mwenye nyumba ana siku 10 za kazi kuchunguza unyevu na ukungu wenye hatari kubwa. Tuma kwa maandishi, na picha zenye tarehe.

Ukungu mweusi uliokwishaota mashine haiuondoi. Tumia dawa ya kuua ukungu, glavu na barakoa, wala usichanganye bilichi na siki, inatoa gesi ya klorini.

Matunzo: osha chujio kila wiki mbili, na ikisafirishwa imelala isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Nyota 4. Ya tano imeondoka na boya la tangi, kipande chepesi chenye sumaku ndogo kinachonasa kwenye ute. Taa nyekundu ya tangi kujaa inawaka, unakuta tangi tupu. Sugua boya kwa mswaki wa zamani kila mwezi, na ukirudisha tangi litikise kidogo uone kama boya linacheza.