Kliniki ya wanyama Kawangware, wamemsaidia paka wangu mzee

Paka wangu Simba ana miaka 14 na juzi alikaa siku nne bila choo, yaani anaingia kwenye boksi lake la mchanga anajikamua weee anatoka na kikokoto kimoja kikavu, na chakula ndio hataki kabisa, hata omena ananusa tu anageuka. Agroveti ya kwanza waliniambia nimmiminie mafuta mdomoni. Nilikataa, mafuta yakipotea njia yanaingia mapafuni.

Hapa daktari alimpapasa tumbo polepole akaniambia nami niguse, jamani ni kama shanga zimepangwa. Akampima damu kwanza, maana paka mzee figo zikichoka mwili unakauka na choo nacho kinakauka, akamwekea maji chini ya ngozi, akanipa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, ya kumpa mdomoni kwa sirinji. Akanionya sana nisiguse enema za watu, yaani dawa za kuingizwa njia ya haja kubwa, zile za fosfeti zinaweza kuua paka. Na akikataa kula siku mbili nimlete mbio, ini linaweza kuharibika.

Kwa chakula ndio walinisaidia zaidi: cha majimaji, ukipashe kidogo kitoe harufu kwa sababu pua ya paka mzee hainusi kama zamani, na supu ya kuku bila chumvi wala kitunguu. Siku ya tatu Simba alilamba sahani yote, nililia.

Bei si ya chini na Jumamosi foleni ni ndefu, nendeni katikati ya wiki asubuhi.